Mstari Kwenye Kadi ya Kipa

Wifi yangu alikuja kwangu na begi moja na sufuria. Begi nililielewa mara moja. Sufuria ilinichukua muda, mpaka aliponieleza kwamba ni ya mama yake, na hawezi kuiacha kwenye nyumba ambayo neno lake halisadikiwi.

"Neno gani?" nikamuuliza.

"Kwamba sikuigusa."

"Hukugusa nini, wifi?"

"Kadi. Ile kadi yake ya kipa."

Nikakaa kitandani. Angeniambia mdogo wangu amepata mwanamke mwingine, ningeumia, lakini ningejua pa kuanzia kuomba. Kwa habari ya kadi sikujua hata nimwambie Mungu nini.

Mdogo wangu ni kinyozi. Tangu utotoni anakusanya kadi za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za chingamu. Siku hizi zina maduka yake, na watu wazima wenye ndevu wanazigombea. Anazo kabati zima. Lakini anayoipenda ni moja: kipa amejirusha hewani, mikono miwili imenyooka, mpira uko kwenye ncha za vidole. Marehemu baba alimpa kabla hajaanza shule. Baba hakuwa mtu wa zawadi, na baada ya ile hakutoa nyingine. Mdogo wangu aliilaza kwanza ndani ya kitabu kizito, baadaye akaitafutia mfuko wa plastiki, na mwishowe kasha gumu linalofungwa kwa skrubu. Mke wake alikuwa akitania kwamba naye angezaliwa na kona nne, angefungwa skrubu na kupanguswa vumbi kila Jumapili.

Sasa hakuwa akitania. Alinisimulia yote akiwa bado ameshika sufuria mapajani.

Walikuwa wamepaka rangi chumba chao. Yeye ndiye aliyesukuma kabati mpaka ukumbini, mumewe akiwa saluni, na ndiye aliyelirudisha rangi ilipokauka. Baadaye mume akataka kuipeleka kadi ikapimwe daraja, kwa sababu wakusanyaji walikuwa wanaandaa maonyesho na kadi isiyopimwa haiwekwi mezani. Akanunua taa mpya, yenye shingo ya kupinda. Akafungua skrubu, akaitoa kadi, akaiinamisha chini ya mwanga. Akaona mstari. Mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kidole gumba cha glavu ya kipa ukaenda mpaka kwenye mlingoti wa goli.

"Akaniita," wifi akasema. "Akaniuliza, umeikunja? Nikamwambia sijaigusa, kabati nililisukuma na vitu vyake ndani. Angeishia hapo, yangekwisha. Unajua alifanya nini?"

"Alikutukana?"

"Heri angetukana. Aliwasha taa tena. Nimeshajibu, nimesimama mbele yake, na yeye anawasha taa aangalie tena. Si kadi, wifi yangu. Ni ile taa."

Wifi yangu anafundisha chekechea. Kutwa nzima watoto wanamwambia si wao waliomwaga maji, na yeye huwaamini kwanza, ndipo hutafuta kitambaa cha kufutia. Nadhani ndiyo maana taa ile ilimchoma vile.

Nilimpisha kitandani, mimi nikatandika chini. Nilipopiga magoti, nilimwambia Mungu ukweli: kwamba jambo hili ni dogo kiasi cha kuchekesha, na kwamba linaweza kuivunja nyumba ya mdogo wangu. Sikuongeza kitu. Nilijua analielewa kuliko mimi.

Asubuhi kinyozi mwenyewe akaja kazini kwangu. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kiko barabarani, na meza ya kukatia iko karibu na mlango.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mke wako yuko kwangu."

"Najua. Nimeona sufuria haipo."

Akatoa kadi kwenye kitambaa laini. Hata kwa hasira aliyokuwa nayo, aliiweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Kaa nayo. Sitaki kuiona ndani ya nyumba."

"Na mke wako?"

"Aseme tu, dada. Mimi sina neno na kukunja. Mtu yeyote anaweza kukunja. Aseme, nilikunja, nisamehe. Yamekwisha, tunakula."

"Na kama hakukunja?"

"Kwa hiyo imejikunja? Kadi imekaa miaka yote salama, kabati limesukumwa siku moja, mstari huo! Na mimi ndiye wa kufundishwa mistari? Kazi yangu nini?"

Mtaani kwetu hakuna anayebishana naye kuhusu mistari. Akikuchonga nywele mbele ya paji la uso, utadhani amepiga rula. Wateja wake wakitoka pale hutembea shingo imenyooka, wasije wakaharibu.

Alipoondoka niliiangalia ile kadi kwa muda mrefu. Mimi maisha yangu nimeyatumia kuondoa mikunjo. Suruali, shela, mapazia, hata bendera ya shule nimewahi kuinyoosha. Nikawaza: ugomvi umeshikilia mstari. Mstari ukiondoka, ugomvi utashikilia nini? Nikawasha pasi. Nikachukua kitambaa chepesi, nikakilowesha, nikakikamua. Kisha nikafumba macho, nikamwomba Mungu aibariki pasi.

Niliomba kwa moyo wote. Leo namshukuru kwamba hakunipa nilichokiomba kwa namna nilivyokiomba.

Kilichoniokoa ni mazoea ya kazi. Sigusi kitambaa nisichokijua kabla sijajaribu pasi kwenye kipande kisicho na maana. Karatasi yenye mng'ao sikuwahi kuipiga pasi, kwa hiyo nikachana ukurasa wa kalenda ya zamani, wenye picha ya maporomoko ya maji, nikaufunika kwa kile kitambaa, nikapitisha pasi mara moja tu. Nilipokifunua, maporomoko yalikuwa yamehamia kwenye kitambaa. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa malengelenge.

Nikachomoa pasi ukutani, nikaiweka mbali, mwisho kabisa wa chumba, kana kwamba ingekuja yenyewe. Nikaifunga kadi kwenye kitambaa chake, nikafunga mlango wa kazi, nikaenda kwa Daktari.

Daktari si daktari. Ni binti mwenye duka la kadi, upenyo tu kati ya fundi simu na duka la madaftari, na watu walimpa jina hilo kwa sababu ya glavu zake nyeupe za pamba. Kwa umri wake angeweza kuwa mwanangu. Mlangoni ameandika: *Karanga, soda na watoto wenye mafua vibaki nje.*

"Karibu shangazi. Umepotea njia?"

"Nimekuja kupima kadi."

"Ya mjukuu?"

"Ya ugomvi."

Akavuta kiti. Nikamweleza yote, pamoja na sufuria, maana nikianza kueleza siwezi kuruka. Nilipofika kwenye pasi akashika kichwa.

"Shangazi! Ungeipiga pasi, hakuna mpimaji ambaye angeipa daraja lolote. Kadi iliyonyooshwa, iliyokatwa ukingo, iliyofutwa kwa dawa, sisi tunairudisha bila namba. Ni kama haipo."

"Mungu ni mwema," nikasema.

"Ni mwema na ana kazi nyingi na wewe." Akacheka. "Kinyozi namjua, mteja wangu. Mbishi huyo! Nikimwambia mimi jambo lisilompendeza, atasema nimemwonea huruma mkewe, au nimehongwa sufuria. Afadhali umwambie wewe. Dada mkubwa hakatizwi."

"Mimi sijui kitu kuhusu kadi."

"Ndiyo maana utajifunza kabla sijaigusa hiyo."

Akaniwekea mbele kadi chache za kawaida na lenzi ya kukuza. Kadi, alisema, inaangaliwa mahali panne: kona, kingo, uso, na jinsi picha ilivyokaa, kama iko katikati au imeegemea upande. Kila mahali panapewa namba kuanzia moja hadi kumi. Kumi ni kadi ambayo ni kama imetoka mashineni sasa hivi, na hata ukiitafuta kasoro kwa lenzi, huipati. Akaniambia nijaribu.

Nilizipima kwa uangalifu wote. Tisa, tisa, kumi, tisa. Daktari akainua moja.

"Hii umeipa tisa. Shangazi, kona hii imeliwa na panya."

"Ndiyo, lakini zile tatu nyingine zimejitahidi."

Fundi simu wa jirani, ambaye ukuta wake ni ubao tu, alicheka mpaka akaangusha kitu.

"Kadi haijitahidi," Daktari akasema. "Haina moyo wa kuvunjika. Ukiipa tisa ya huruma, unamdanganya atakayeichukua."

Nilijisikia vibaya kidogo. Kwenye darasa la jioni la watu wazima, ninakojifunza hesabu, mwalimu wetu hutuwekea alama za juhudi, na mimi nilidhani kila mahali ni hivyo. Lakini nikaelewa anachosema. Nikazirudia zote, safari hii bila kuzionea huruma, na kweli, kasoro zilianza kujitokeza zenyewe. Ukingo wenye vumbi jeupe, kama umesuguliwa na kidole kwa miaka. Kona iliyolala. Picha iliyosogea, upande mmoja ukingo mweupe mnene, upande wa pili mwembamba kama uzi.

Kadi ya mwisho niliipa kumi kwa kona, kumi kwa kingo, kumi kwa picha kukaa katikati, na nne kwa uso, maana ilikuwa imekunjwa. Nikajumlisha, nikagawanya kwa nne kama tulivyofundishwa, nikapata nane na nusu. Nilimsogezea Daktari nikiwa na fahari ya mwanafunzi.

"Hesabu ni sahihi," akasema, "lakini hatugawanyi. Sehemu mbovu kuliko zote ndiyo inayoivuta kadi nzima chini. Kadi ikikunjwa, hata kona ziwe kali kama wembe, kwa kipimo changu haivuki tano."

"Sehemu moja tu?"

"Moja tu."

Nikamfikiria wifi yangu amekaa kitandani kwangu na begi ambalo hajalifungua.

"Haya," Daktari akasema, akivaa glavu nyingine safi. "Sasa lete ya ugomvi."

Aliiweka chini ya taa yake, akaiinamisha kidogo kidogo. Mwanga ukatembea juu ya nyasi, juu ya jezi, ukafika kwenye glavu.

"Upo," akasema.

Nilikuwa nimeomba usiwepo.

Akaigeuza nyuma. Akaiinamisha tena. Akarudia. Kisha akanipa lenzi.

"Angalia nyuma, mahali pale pale. Unaona nini?"

"Maandishi. Jina la kipa, mwaka wa kuzaliwa."

"Mstari?"

"Sioni."

"Geuza mbele. Mkunjo unaivunja karatasi, shangazi. Unatokea upande wa pili, na wino unapasuka, weupe wa karatasi unachungulia. Kama kwenye ile kadi uliyoipa nne. Hapa unaona weupe?"

Niliangalia mpaka jicho likatoa machozi. Kidole gumba cha glavu kilikuwa kizima. Rangi haikukatika mahali popote. Ule mstari ulikuwa umelala juu ya mng'ao peke yake, kama alama ya kidole kwenye kioo.

"Hakuna weupe."

"Basi huu si mkunjo. Ni wa kiwandani. Rola ya mashine ya kuchapia ikishika uchafu, inachora mstari huo huo kwenye kila karatasi inayopita. Kadi hii imezaliwa nao."

"Sasa mbona hakuuona miaka yote hiyo?"

"Aliwahi kuiangalia chini ya taa ya kuinamisha?"

Nikakumbuka. "Taa amenunua juzi tu."

"Basi ndiyo hivyo. Mstari si mpya. Taa ndiyo mpya."

Nilisimama nikataka kuondoka hapo hapo, na glavu zake mkononi, maana nilishazivaa bila kujua. Akanishika mkono.

"Ngoja. Kinyozi atakuambia kuna mikunjo midogo isiyofika nyuma. Na ipo kweli, mara chache. Mimi nina hakika, lakini hakika yangu haimtoshi mbishi. Tunahitaji kipa mwingine kama huyu."

Akavuta sanduku kutoka chini ya meza, limeandikwa *Mabovu*. Ndani kulikuwa na kadi ambazo hakuna aliyezitaka: zilizochanika, zilizolowa, zilizobandikwa gundi na kubanduliwa. Yeye akaanza upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilipekua kwa mikono na kuomba kwa midomo.

"Unaongea na nani, shangazi?"

"Na anayejua iliko."

"Mwambie afanye haraka, nafunga saa ya chakula."

Nilimtambua yule kipa kwa mikono yake kwanza, ile mikono miwili iliyonyooka. Alikuwa katika hali ya kusikitisha. Kona zote nne zilikuwa zimeviringika kama sarafu, duara la kikombe cha chai limemzunguka kiunoni, na mtoto fulani alikuwa amemchorea masharubu kwa kalamu.

"Maskini," Daktari akasema. "Huyu ni moja. Ningekuwa na sifuri ningempa."

Akamlaza chini ya taa karibu na yule wa baba, akawainamisha wote wawili kwa pamoja. Mwanga ukatembea juu ya nyasi, juu ya jezi, ukafika kwenye glavu mbili. Na kwenye glavu zote mbili, kutoka kidole gumba mpaka mlingoti wa goli, ukang'aa mstari ule ule.

Nikalia. Sikujizuia, na sikutaka kujizuia.

"Machozi mbali na kadi!" Daktari akapiga kelele, akizifunika kwa mikono yote miwili. Lakini naye alikuwa anacheka, na akaniazima yule mwenye masharubu ndani ya mfuko wa plastiki. "Kinyozi amrudishe mwenyewe," akasema. "Nataka nimwone uso."

Sikumwambia wifi kitu nilipofika nyumbani. Nilitaka wasikie pamoja, asiwepo wa kusema alitangulia. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe aje baada ya kufunga saluni. Wifi alikuwa anapika kwenye sufuria ya mama yake, na mimi nilikuwa najiuma midomo kama mtoto aliyeficha pipi.

Kinyozi alifika akiwa na vipande vya nywele za watu kwenye kola. Akasimama mlangoni.

"Wifi," mke wake akaniambia bila kugeuka, "mwambie mgeni wako aketi."

"Dada," naye akasema, "mwambie mke wangu nimekuja kumchukua. Nimefikiri sana. Hata kama aliikunja, yaishe."

Mwiko ukagonga ukingo wa sufuria.

"Hata kama?"

"Nimesema yaishe!"

"Wifi, mwambie mimi sirudi kwenye hata kama. Kwenye hata kama hakuna hata kiti cha kukalia."

"Nyamazeni wote wawili," nikasema, na kwa sababu mimi ni mkubwa, wakanyamaza. Nikaivuta taa ndogo ya cherehani yangu ya nyumbani, nikaiweka mezani, nikaitoa kadi ya baba. "Wewe, kaa hapa. Ipime."

"Dada, wewe na kadi wapi na wapi?"

"Nimesema ipime. Kona."

Akaniangalia kama amenisahau. Akakaa. "Kona tisa," akasema polepole. "Kingo tisa. Imekaa katikati vizuri. Uso..." Akaiinamisha. "Uso una mkunjo."

"Geuza nyuma. Uko wapi?"

Akageuza. Akainamisha upande huu, akainamisha upande ule.

"Mikunjo midogo haifiki nyuma."

"Nilijua utasema hivyo. Weupe uko wapi? Wino umepasuka wapi?"

"Nani amekufundisha maneno haya?"

"Jibu."

Nilimwona anakaza macho kama anavyofanya akinyoa nyuma ya sikio. Ndipo nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikamweka mwenye masharubu mbele yake.

"Na huyu je? Naye alikuwa chumbani kwenu mlipopaka rangi?"

Aliwashika wote wawili chini ya mwanga. Aliwainamisha. Sufuria ikaanza kuchemka na kumwagika, moto ukafanya *fsss*, na hakuna aliyeinuka. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi, shingo imerefuka. Aliuona mstari mara moja. Nilijua kwa jinsi alivyoshusha pumzi, pumzi ndefu, ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu alipotoka nyumbani kwake.

"Ni wa kiwandani," nikasema. "Imezaliwa nao. Baba alipokupa, ulikuwapo. Taa yako ndiyo mpya."

Nilimngojea mdogo wangu ainamishe tena, kwa sababu namjua, akiwa na wasiwasi anaangalia kitu mpaka kinachoka. Badala yake alinyoosha mkono akazima taa ya cherehani.

"Sihitaji kuangalia tena," akasema. Akageuka akamtazama mke wake. "Uliniambia hukuigusa. Ilitosha."

"Ilitosha tangu siku ile."

"Tangu siku ile. Nimekukosea, mke wangu. Nisamehe."

Yeye ambaye asubuhi ile ile alikuwa akidai neno hilo hilo kutoka kwake! Lakini halikumkwama. Lilitoka kama mtu anayetua mzigo, na mabega yake yakashuka.

Wifi alikwenda kwanza akapunguza moto. Akafuta mikono kwenye kanga, akarudi mezani, akamwangalia mwenye masharubu.

"Na huyu bwana nani?"

"Huyo ndiye shahidi wako," nikamwambia.

"Masharubu yamemkaa." Na hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, kinyozi naye akacheka, nami nikacheka nikilia, ndani ya chumba kilichojaa harufu ya chakula kilichoungua kidogo. Tulicheka kuliko kichekesho chenyewe. Tulikuwa tunacheka yale ambayo hayakutokea.

Alipotulia, akanyoosha vidole vyake, bila glavu, bado vina harufu ya kitunguu, akaiinua kadi ya baba kutoka mezani. Mdogo wangu aliinuka nusu kwenye kiti. Kisha akakaa tena, akaweka mikono yake chini ya mapaja.

"Sijawahi kumwona karibu hivi," wifi akasema. "Kumbe anatabasamu. Yuko hewani, hajui kama ataudaka, na anatabasamu."

"Anatabasamu?" Mdogo wangu akasogea kuangalia. Wakainamia ile kadi wawili, kichwa kwa kichwa, na mimi nikajifanya nashughulika na sufuria.

Walipojiandaa kuondoka nikaona jambo ambalo bado nikilikumbuka namshukuru Mungu. Mdogo wangu alimchukua mwenye masharubu, akatoa mfukoni lile kasha gumu, akamfunga humo, akakaza skrubu zote nne. "Huyu ni wa watu," akasema, "lazima arudi salama." Kadi ya baba akaitia kwenye mfuko mtupu wa plastiki, akampa mke wake.

"Niibebe mimi?"

"Nani mwingine?"

Akaitia kwenye mkoba, kati ya kitana na chaki za watoto wake. Kisha akamgeukia mumewe, akampima kutoka kichwani mpaka viatuni, jicho moja amelifumba, kama ameshika lenzi.

"Kona, kali mno. Kingo zinahitaji kunyolewa. Uso una aibu, hilo ni zuri."

"Daraja gani?"

"Nitakuambia tukifika nyumbani."

"Na sufuria?" nikauliza.

"Ina chakula chako, wifi. Kesho uilete nyumbani kwake." Alisema *nyumbani kwake*, yaani nyumbani kwa sufuria, na mdogo wangu, ambaye alikuwa anafungua mlango, alisimama kidogo ametupa mgongo, kisha akatoka na begi.

Nilikula peke yangu, chakula kimeungua chini na ni kitamu juu. Nilipopiga magoti sikuwa na la kuomba, kwa hiyo nilikaa tu hapo, nimefumba macho, kitanda changu kimerudi kuwa changu. Baadaye nilifungua daftari la darasa la jioni, nikafanya hesabu za wastani zote, nikapata zote isipokuwa moja.

Kadi ya kipa ilipimwa ikapewa nane, imeshushwa kidogo kwa mstari wa kiwandani, na kwenye maonyesho iliwekwa mezani karibu na mwenye masharubu, kwa sababu Daktari alisisitiza. Kinyozi alipewa ngapi sijaambiwa, na sikuuliza.